Kungwi Aliyefungwa Mdomo

Nilipolifungua fundo la khanga kisogoni kwa bibi mmoja wodini kwetu, uji ulimwagika kutoka kidevuni mpaka kifuani. Alikuwa bado hajaumeza. Mtu alimlisha kijiko, bibi akaanza kuimba uji ukiwa mdomoni, na mtu huyo, badala ya kumsubiri ameze, akaikunja khanga na kumfunga mdomo. Bibi alikuwa ameketi kitandani ananitazama. Alikuwa anapaliwa na hajui kinachompata.

Nikamwinamisha, nikampigapiga mgongoni mpaka akakohoa sawasawa. Halafu nikageuka.

"Nani kafanya hivi?"

Wodi nzima ya wanawake ikageuka nami. Inchaji wetu, yaani muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa mezani kwake anaandika. Hata kichwa hakuinua.

"Punguza sauti. Khanga katoa binti yake mwenyewe."

"Sijauliza khanga ya nani. Nauliza mkono wa nani."

"Wangu. Haya, unasemaje?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Yote niliyosema siyaandiki, maana mengine yalikaribiana na yale aliyokuwa anaimba bibi. Nakumbuka nilimwambia hata mbuzi anayepelekwa mnadani hafungwi mdomo akiwa anatafuna. Ng'ambo ya ukuta, ambao haufiki darini ili hewa ipite, wanaume wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti: "Mpe, sista, mpe!" Binti wa bibi, mama mtu mzima kabisa, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtandio umemfunika uso wote.

Sasa nieleze, maana ukiishia hapo utadhani inchaji wetu ni katili tu. Si katili. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Bibi alikuwa kungwi kule Mtunda. Wasichana wengi wa upande ule walipovunja ungo walipitia mikononi mwake, na mimi mmoja wao. Nilifundwa wakati wa likizo, nikiwa kidato cha pili, nikarudi shuleni nakaa kimya darasani kama niliyemeza jiwe. Kule ndani mtu hufundishwa mwili wake, mume, usafi, uzazi, heshima, na karibu yote hufundishwa kwa nyimbo, na nyimbo hizo haziogopi kukiita kitu kwa jina lake. Mwanamume hazisikii. Aliyefundwa hazitoi nje. Hiyo ndiyo amri ya kwanza na ya mwisho, nami naishika hata ninapoandika haya.

Bibi aliletwa kwetu kwa sababu ya mguu. Alijimwagia maji ya moto jikoni kwa binti yake hapa Kibiti. Ndivyo wanavyokuja wazee wote wanaosahau. Wodi ya watu wa namna hii hatuna. Anakuja mtu ana kidonda, ana homa ya mapafu, ana mkojo uliogoma, na ugonjwa wa kusahau unaingia naye bila kuandikishwa. Nyumbani wanauita uzee. Wengine husema amerudi utotoni. Majirani wabaya husema uchawi wake umemgeukia.

Nimewauguza kiasi sasa, na kilichonishangaza si kile wanachosahau. Ni kile kinachobaki. Tulikuwa na mzee mmoja wa Mbwara aliyeniona mimi, ambaye angeweza kunizaa mara mbili, kuwa ndiye mama mkwe wake. Hakula hata tonge mbele yangu. Wenzangu wakaandika kwamba anakataa chakula. Nilikuwa namwekea sahani, namwamkia, naondoka kwa adabu zote za ukwe. Nikirudi, sahani nyeupe. Jina la mke wake lilikuwa limepotea, lakini haya mbele ya mama yake mke ilikuwa imekaa palepale.

Kwa mzee yule iliyobaki ilikuwa haya. Kwa bibi iliyobaki ilikuwa kazi. Binti yake, bibi alimwita "yule mpishi". Mimi hakunijua hata kidogo. Lakini siku ya kwanza nilipoinama kumfunga bandeji, akaona maziwa yamelowesha gauni langu la kazi, maana ninanyonyesha na mtoto namwacha kwa mama mpaka zamu iishe. Akanishika mkono.

"Weye mwali. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake."

"Na weye uko huku unafunga miguu ya watu?"

"Ndiyo kazi, bibi."

"Kazi!" Akacheka. "Kaa chini nikufunde kazi."

Akaanza. Sauti ya kungwi haikuzeeka. Ilipanda, ikapita juu ya ukuta, ikawafikia wanaume wote, na wimbo wenyewe ulikuwa ule ambao mimi niliusikia nimefunikwa shuka. Upande wa pili vicheko. Halafu mzee mmoja kwa sauti nyembamba: "Rudia hapo kati, mke wangu, sikusikia vizuri!" Wanawake wetu wakajifunika nyuso, lakini mashuka yalikuwa yanatikisika, na wao walikuwa wanacheka. Nami nilicheka. Halafu nikaona aibu, kisha nikajiuliza aibu hiyo ni ya nani hasa, maana mwenyewe hana habari.

Kosa tulilofanya lilikuwa kunyamaza. Kila mtu alidhani asipojibiwa atachoka. Lakini kungwi anaimba ili aitikiwe. Mabinti wasipoitikia, huanza upya, tena kwa ukali. "Huitikii? Umefundwa na nani weye?" Basi tukizidi kunyamaza, anazidi kupaza. Siku moja, nimechoka, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwitikia kwa sauti ya chini sana, mdomo karibu na sikio lake. Naye akashusha sauti ili anisikie. Tukaumaliza wimbo wote tukinong'onezana. Akapumua, akaniambia, "Haya, nenda," akalala. Tangu hapo zamu zangu zilikuwa tulivu kidogo. Kidogo. Siku zingine alikuwa na nyimbo nyingi na mimi nina wagonjwa wengine.

Inchaji aliniona. Akaniita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Unamwitikia?"

"Inamtuliza."

"Unamwitikia, wanaume wako hapo! Mdogo wangu, mimi nilifundwa naye kabla yako. Kila neno nalijua. Unataka watoto wetu wayasikie kwa vijana wa bodaboda?"

"Sasa tufanyeje?"

"Anyamazishwe. Mwenyewe angekuwa na akili zake, angetuomba tumnyamazishe."

Neno hilo lilinikaa. Nililiwaza nikimnyonyesha mwanangu, nikalipika na mboga. Kwa sababu ni kweli. Bibi yule wa zamani angechagua kufa kuliko kusikiwa na wanaume. Lakini bibi yule hayupo kitandani. Aliyepo kitandani ni huyu, na huyu anataka kuitikiwa, anataka uji, anaumwa mguu. Tukimfunga mdomo huyu kumtunzia heshima yule, nani tumemuuguza? Sikupata jibu zuri la kumpa inchaji siku ile. Baadaye nikaikuta khanga ina uji ndani, na nikaona jibu zuri halihitajiki.

Baada ya ule ugomvi binti wa bibi alinifuata nje, penye majiko ya ndugu wanaouguza wagonjwa.

"Sista, mimi namrudisha nyumbani. Nina chumba cha uani. Atafungiwa humo, aimbe anavyotaka, hamsikii mtu."

"Na kidonda?"

"Kidonda kitapona."

"Hakitapona, mama. Kitaoza. Na akipaliwa humo ndani nani atamgonga mgongo?"

Akalia. "Unajua nimeshaozesha mabinti wawili? Wakwe zangu wako upande ule wa ukuta. Unajua wameniangaliaje?"

Nilimshika bega tu. Nilikuwa nimekuja nimejaa maneno juu yake, ya khanga, ya kumtoa mama yake, yakaniishia. Yeye alikuwa anaficha aibu ya nyumba yake. Sisi tuliapa kiapo cha kuuguza.

Kwa hiyo nikaandika malalamiko rasmi. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, aliyasoma mwanzo mwisho, kisha akauliza, "Hayo maneno yenyewe ni yapi? Inchaji wako kaandika kwamba mgonjwa hutukana, wewe unasema ni nyimbo. Niandikie mstari mmoja tu, nipime."

"Siandiki."

"Basi malalamiko yako yana pengo."

"Libaki. Mdomo ulifungwa una uji. Hata angekuwa anasoma magazeti."

Akaniambia niyapeleke masijala. Nikayapeleka, yakagongwa muhuri. Niliyoandika ni haya:

YAH: KUFUNGWA MDOMO KWA MGONJWA WODI YA WANAWAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi wa wodi tajwa. Nilimkuta mgonjwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau amefungwa mdomo kwa khanga akiwa na chakula mdomoni, akiwa amepaliwa. Aliyemfunga ni muuguzi mkuu wa wodi, naye amekiri mbele ya wagonjwa. Ndugu wa mgonjwa hawahusiki katika lalamiko hili.

Nimeelezwa kuwa alifungwa kwa sababu ya nyimbo. Maneno ya nyimbo hizo sitayaandika wala kuyasema mbele ya kikao. Anayeyajua anayajua.

Ninaomba: mgonjwa asifungwe tena sehemu yoyote ya mwili, asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka kidonda kifunge, ahamishiwe kitanda cha mwisho, mbali na ukuta wa wanaume, na kila zamu awepo mwanamke wa kumwitikia. Akikosekana, niitwe mimi.

Nipo tayari kuhojiwa siku yoyote, isipokuwa siku ya kliniki ya mtoto wangu.