Nguzo ya Bwalo la Buhigwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, Mhandisi Mkuu aliniuliza jengo linasimama juu ya nini. Nikajibu, juu ya msingi. Akasema mambo yote yako pale nguzo inapokutana na msingi, kisha akaenda kwenye kikao bila kunieleza zaidi. Nikabaki na ubao wa kuchorea, sijui nianzie wapi. Ninyi vijana mnaodhani sisi wachoraji wa majengo wa zamani tulikuwa na uhakika na kila kitu, sikilizeni yaliyonipata.

Pale nguzo inapokutana na msingi pana bamba. Nguzo ya chuma huchomelewa juu ya bamba nene, nalo hushikwa na bolti zilizozikwa kwenye zege. Kwa penseli nilichora mabamba mengi bila taabu, maana yote yalikuwa ya mraba, bolti kila pembe. Nilipohamishiwa Kasulu zikaja kompyuta, na baadaye programu inayojenga jengo zima kwenye kioo. Viungo vya kawaida vya nguzo na msingi vilikuwemo tayari: unachagua bamba, programu inakagua kama litahimili mzigo.

Nikiwa nakaribia kustaafu tukapewa bwalo la shule moja kule Buhigwe. Mafundi walipochimba, shimo la nguzo ya pembeni likakutana na mwamba mgumu. Ilibidi bamba likatwe pembe na bolti zote zihamie upande mmoja. Kiungo cha aina hiyo hakikuwemo kwenye programu, nikakiunda mwenyewe kipande kwa kipande: bamba, bolti, na mbavu, yaani vibamba vidogo vya kuikaza nguzo isiyumbe.

Kwenye kioo kilipendeza. Nilipoagiza ukaguzi, programu ikasema nguzo inaning'inia hewani. Nikaunganisha upya, ikasema kitako cha nguzo kinazunguka kama bawaba ya mlango. Nikarudia, nikiamini sijabadili chochote, ikasema kila kitu ni salama. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Nikamwita Mhandisi wa Miundo, dada mmoja aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya.

“Mzee, umebadilisha nini?”

“Sijui, mama.”

Akavuta kiti akajaribu mwenyewe. Akapata jibu la nne, lisilofanana na yangu yote. Tukakokotoa kwa mkono, kila mtu na karatasi yake, na karatasi nazo zikakataa kupatana. Nilianza kujiuliza kama miaka yote ile nilikuwa nachora ninachokijua au nilichokizoea tu.

Mkuu wa Idara alikuwa akipigiwa simu na mkandarasi, zege lilikuwa likingojewa. Akaja akasimama nyuma yetu, akauliza kama si kweli kwamba programu imeshasema ni salama. Tukakiri imesema. Akataka michoro itoke siku ile ile.

Yule dada hakuinua sauti. “Watoto watakula chini ya paa hilo, na upepo wa kule tunaujua. Siwezi kutia sahihi kitu ambacho mimi na mzee huyu hatukielewi.”

Mkuu akanitazama mimi, nadhani akingoja nimwokoe. Nikasema nami sielewi. Ilikuwa aibu kubwa kusema hivyo na mvi zangu, lakini ndiyo ilikuwa kweli. Akatoka. Sisi tukaihamishia nguzo ndani ya bwalo, mbali na mwamba, tukaipa bamba la mraba la kawaida.

Sasa nimestaafu, na bado sijui programu ilikuwa ikisema nini. Vijana niliowauliza wananipa maelezo, kila mmoja ya kwake. Majuzi nilipita Buhigwe, nikaingia bwaloni saa ya chakula. Wanafunzi walikuwa wakiizunguka nguzo ile na sahani mikononi, wakigongana. Mpishi akaniuliza ni nani aliyeweka nguzo katikati ya njia. Nikamwambia ni sisi, nikaanza kumweleza juu ya mwamba, bolti na mbavu, mpaka nikapotea mwenyewe katikati ya maelezo. Akanipa ugali na maharage, akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimewazibia watoto njia.