Mkate Wenye Pumba Zake

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, siku ambayo mama mkwe wangu alinifuata njiani bila mimi kujua. Wewe unaona magari ya mkate wetu yakipita Njoro na Kaptembwo, unadhani tulianza na magurudumu. Tulianza na kikapu, na kikapu chenyewe kilikuwa kikirudi nyumbani kimejaa vile vile.

Ilikuwa miaka ya hamsini, miaka ya hali ya hatari, askari wakidai vipande vya kitambulisho kila njia, mji mzima hautulii, na mimi ndiyo kabisa. Nilikuwa nimeolewa Nakuru, mtaa wa Bondeni, katika nyumba ya watu waliotoka pwani zamani. Mama mkwe, Bi Zuhura, alikuwa mjane mwenye tanuri la matofali uani. Alinunua ngano ya Njoro, akaisaga, akaoka na pumba zake zote. Mkate ulitoka mzito, rangi ya udongo, wa kutafunwa hasa. Na mjini kila mtu alitaka mweupe, kwa sababu mweupe ndio waliokula wakubwa. Wetu waliuita mkate wa ng'ombe.

Mume wangu Athumani alichoka. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," aliniambia. "Sisi tunautembeza kila siku. Unataka jibu gani lingine?" Akaleta chekeche, ili pumba zitolewe, unga uwe mweupe. Mama yake akakataa katakata. Ngano Mungu ameileta nzima, alisema, yeye ni nani aitoe nusu? Ndipo Athumani akaapa: siku ya soko ikipita tena bila kuuza, anapanda gari moshi aende Nairobi kutafuta kibarua.

Nilimpenda mtu yule, sikufichi. Na niliwajua wanawake ambao waume zao walikwenda Nairobi wakati ule. Wengine walikamatwa huko, wengine walioa huko. Usiku ule sikulala, nilikuwa nageuka tu kitandani.

Basi asubuhi nikabeba kikapu, mbio mbio. Hoteli ya kwanza wakacheka. Ya pili, mwenyewe akaniuliza kama na nyasi nimeleta. Nikakata katikati ya soko kwenda ya tatu, nikawapita wanawake wa mashambani Keringet waliokuja na lori, wamekaa chini na vibuyu vyao vya maziwa lala. Niliwapita hivyo kila siku ya soko, hata salamu siwapi. Kichwani mwangu mkate ulikuwa wa watu wa mjini, watu wenye meza.

Mkono ukanishika bega. Kumbe ni Bi Zuhura, buibui lake limejaa vumbi.

"Unakimbilia wapi?"

"Hotelini, mama."

"Kule wanakokucheka?"

Nikakipandisha kikapu, nikataka kupita.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Wewe shingo imekukakamaa. Kaa hapa."

Nikakaa chini, miguu ikiniwasha kwa kutaka kuondoka. Bi Zuhura akawasalimu wale wanawake mmoja mmoja, habari za watoto, habari za mvua, mimi roho juu. Mwishowe akakata mkate, akampa mama mmoja wa makamo, Mama Chebet. Yule naye akatafuna polepole, nusura nimtafunie.

"Hii mkate inafanana na ugali yetu ya wimbi," akasema. "Ile nyeupe watoto wanakula, kidogo tu wanalia njaa tena."

Akanunua ya kupeleka nyumbani. Wenzake nao wakanyoosha mikono. Kabla lori lao halijaondoka, nilibaki na makombo, na Mama Chebet akanipigia kelele kutoka juu kule nilete ingine soko lijalo.

Nilirudi Bondeni nikikimbia. Athumani alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake kwa kamba. Nilitaka kumwomba abaki, badala yake nikamwonyesha kikapu. Nikasema tu, "Kalete ngano. Hakuna hata mkate mmoja." Akakitazama kikapu, akanitazama mimi. Kisha akainama, akaanza kuifungua ile kamba. Nililia pale mlangoni bila aibu.

Kampuni yetu ilianza na wanawake wale, na chekeche mpaka leo haijaingia jikoni.

Mwanangu, nawe hutulii, nakuona. Asiyekujua hakuthamini, basi usiumalize ujana wako ukimbembeleza. Kabla hujaibadilisha kazi yako ili imfurahishe anayekucheka, mtazame kwanza yule unayempita kila siku bila salamu. Kaa naye. Mwonjeshe, halafu umngoje atafune, hata kama moyo unakwenda mbio.

Mungu akutulize moyo. Akukutanishe na watu wenye njaa ya kile ulicho nacho, na wakishiba, nawe usilale njaa. Amin.