Majina Arobaini na Moja ya Kikima

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Jenereta inaanza kunguruma nyuma ya ofisi ya misaada ya kanisa mjini Kikima, na Mbinya Mulei anabonyeza kitufe cha kompyuta. Skrini inabaki nyeusi. Herufi mbili zinajitokeza pembeni, L na I, kisha hakuna kinachofuata.

"Zingekuwa nne, LILO, ningepumua," anasema, macho yake yakiwa palepale. "Zikiwa mbili, mashine imeanza kuamka ikapotewa na njia."

Mbinya ana umri wa miaka thelathini na minane. Ndiye karani wa ofisi hii, kwa mshahara wa shilingi elfu mbili na mia nane kwa mwezi. Ndani ya kompyuta hiyo mna majina ya wanawake mia tatu na kumi na wawili wa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, ambao tangu mvua iliposhindwa wamekuwa wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika milima ya Mbooni. Kando ya kila jina pana idadi ya siku alizofanya kazi. Alhamisi lori la mahindi litafika, na ambaye jina lake halitasomwa hatapewa kitu.

Zamani orodha iliandikwa kwenye karatasi. Yalipoonekana humo majina ya watu ambao hawakuwahi kushika jembe, kamati iliamuru karatasi zichomwe na orodha iwe ya mashine pekee. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mashine ikiugua.

Iliugua Jumamosi iliyopita. Mutunga, mpwa wa mwenyekiti wa kamati, alifika kutoka Nairobi na diski yenye toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo. Alianza kazi saa tano kasorobo. Mbinya, aliyejifunza mfumo huo kwa mwalimu wa kujitolea kwa miezi miwili, na baadaye kwa makosa yake mwenyewe, alimweleza kwamba kazi hiyo yahitaji saa mbili zisizokatika, na kwamba kengele ya ibada ya adhuhuri ikilia, jenereta huzimwa hadi kesho yake.

Alikwenda pia kwa mwenyekiti, Mzee Kiema, kumwomba jenereta iachwe saa moja zaidi. Jibu analikumbuka neno kwa neno.

"Mbinya, ibada haingojei mashine."

Kengele ililia, jenereta ikazimwa, na toleo jipya likakatika katikati. Mutunga alirejea Nairobi Jumapili akisema kuwa hitilafu iliyobaki ni ndogo. Jumatatu kamati iliandika katika kumbukumbu zake kwamba karani ameharibu kompyuta.

Sasa Mbinya anatumbukiza disketi ya dharura, aliyoitengeneza mwaka jana bila kuagizwa na mtu. Kompyuta inaamka kwa kupitia disketi hiyo, naye anaielekeza upya mahali pa kuanzia. Saa tano na nusu anaizima na kuiwasha. Herufi nne zinatokea, na baada yake maandishi yanateremka kwa wingi. Madirisha yenye rangi hayafunguki, lakini hayo hayamsumbui. Majina husomeka hata kwenye skrini nyeusi.

Anapoiita programu ya orodha, inakataa. Toleo jipya limeondoa sehemu ambayo programu hiyo iliitegemea. Kabla hajaitafuta, kengele inalia.

Jumatano anaanza na diski ya zamani ya mwaka 1997. Anaitoa humo sehemu iliyokosekana, anairudisha mahali pake, na saa nne kasorobo orodha inafunguka. Nthenya, kiongozi wa mwethya wa upande wa juu, aliyekuwa akingoja mlangoni, anaingia na kuinama kwenye skrini.

"Mimi niko wapi humo, mwanangu?"

"Uko chini, mwaitu," Mbinya anamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Yamepangwa kwa alfabeti."

"Hata kwa kompyuta niko mkiani," asema Nthenya, na wote wawili wanacheka.

Kicheko hakidumu. Printa nayo haijui tena kazi yake. Kila mstari unaanzia pale ule uliotangulia ulipoishia, na majina yanashuka kama ngazi hadi yanatumbukia nje ya ukurasa. Mbinya anajaribu kwa nusu saa. Kisha anachukua kalamu na kunakili kwa mkono kutoka kwenye skrini, nakala ambayo kamati inaikubali.

Anafikia jina la mia mbili sabini na moja kengele inapolia. Anatoka mbio hadi kwa Musembi, mwendesha jenereta, akimwomba robo saa. Musembi ameshashika swichi.

"Dada, mimi niliamriwa kengele. Sikuamriwa mahindi."

Siku ya ugawaji ofisi hufungwa na jenereta haiwashwi. Mbinya aliomba iwashwe Alhamisi kwa saa moja tu. Alikataliwa. Aliomba wanawake waliobaki waaminiwe kwa maneno ya wenzao. Alikataliwa pia.

Kwa hiyo Alhamisi saa tatu, Mzee Kiema anasoma majina mia mbili sabini na moja na kukunja karatasi. Wanawake arobaini na mmoja wamesimama na magunia matupu. Nthenya anasogea mbele.

"Matuta yangu yako kule juu, mwenyekiti. Hayazimwi kwa kengele. Twende ukayahesabu."

Mzee Kiema anamjibu kwamba sharti ni sharti. Mahindi yaliyosalia yanarudishwa kwenye lori. Lori jingine litakuja baada ya wiki tano.

Ijumaa Mbinya anaitengeneza printa kwa dakika ishirini. Orodha nzima inatoka, safi, mistari imenyooka. Hakuna anayeihitaji leo.

Anakata ukurasa wa mwisho na kuuweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jumapili, matangazo yatakapokwisha, ana nia ya kusimama mbele ya ushirika na kuyasoma majina arobaini na moja, kila jina na siku zake. Mwenyekiti amepata habari, na amemtumia ujumbe kwamba akisoma, asirudi ofisini Jumatatu.

Mume wake alifariki miaka sita iliyopita, na watoto watatu wanategemea mshahara huo. Anayajua hayo yote. Anasema hatamlaumu mtu wala kueleza lolote kuhusu jenereta.

"Nitasoma tu, polepole, ili kila mtu asikie. Nitaanza na Ndila Kilonzo, siku hamsini na mbili. Nitamalizia na Wayua Mutie, siku thelathini na saba. Kisha nitaketi."