Jina Chini ya Ukurasa

Nafula wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, si mtu wa kusahau. Waliofanya naye kazi kiwandani Mukuru kwa Njenga wanasema ukimkosea leo atakusalimia vizuri hata miaka mitatu, na siku atakapokulipa utadhani ni bahati mbaya. Siku hizi anaishi kwa kupanga nota za muziki kwa kompyuta. Kazi hiyo inamfaa, maana inataka mtu anayekumbuka vitu vidogo.

Mwalimu Luseno, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la Ziwani, alikuwa akitunga muziki wa kisasa: minong'ono, sauti zinazoteleza, makofi yasiyofuata mdundo. Alimletea karatasi za do-re-mi zilizojaa mishale. Programu ilishindwa na mambo hayo. Ilirundika alama juu ya maneno na kuzibananisha nota kama nguo kwenye kamba ya ploti yenye wapangaji wengi. Nafula ndiye aliyezitenganisha moja moja, akavuta kila mstari wa kuteleza mpaka ukagusa nota yake. Na kwa kuwa Luseno hupiga kinanda mwenyewe huku akiongoza kwa kichwa, Nafula alihakikisha kila ukurasa wa kulia unaishia mahali mkono wake mmoja unapopumzika, apate kufunua. Hilo hakumwambia. Chini ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi ndogo: Nota zimepangwa na Nafula Mukhwana.

Kitabu kilipotoka kwa mchapishaji, mstari ule haukuwapo. Luseno alikuwa ameufuta. Nafula akamwuliza mbele ya kwaya, na yeye akacheka.

"Dada, wewe unachapa tu. Mashine ndiyo inapanga."

Wanakwaya nao wakacheka. Nafula alisema sawa, Mwalimu, akaenda zake.

Wimbo wa tamasha la mashindano ya kwaya ulipokuja, aliupokea kwa tabasamu. Alisafisha kila alama, kwa sababu asingekubali kuharibu kazi yake mwenyewe. Ila kurasa aliiachia mashine izigawe ipendavyo, si imesemwa ndiyo inayopanga? Kwenye mazoezi Luseno alitandaza karatasi zote za wimbo, zikiwa bado hazijabanwa, juu ya kinanda, hakuona tatizo. Kitabu chenyewe, kikiwa kimebanwa, kilimfikia asubuhi ya tamasha.

Nafula alikaa safu ya pili. Ukurasa wa tatu uliishia katikati ya mbio za nota, mikono yote miwili ikiwa kazini. Luseno akajaribu kufunua kwa kidevu, kisha kwa kiwiko, na kitabu kikaanguka chini ya kinanda. Kwaya ikanyamaza mmoja mmoja. Aliinama kukitafuta huku majaji wakiandika. Nafula alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

Jumatatu Luseno alifika Mowlem. Alikataa kiti, akakataa chai. Aliweka mezani kitabu cha zamani na kile kipya, akaonyesha kwa kidole mwisho wa ukurasa.

"Huku nyuma kulikuwa na nafasi ya kufunua. Kila mara. Ni nani alikuwa anaiweka?"

"Rudi ukurasa wa kwanza, Mwalimu, kwa hicho cha zamani," Nafula alisema kwa upole. "Jina lake niliandika hapo chini."

Luseno akafungua, akatazama. Palikuwa na jina la Luseno peke yake.