Miezi Mia Moja ya Kunyonyesha

Mama yangu ni fundi cherehani. Alitulea watoto wanne katika chumba kimoja, cherehani ikiwa dirishani, na sote alitunyonyesha huku mguu wake ukikanyaga pedali. Mimi, kitinda mimba, niligoma kuachishwa. Alipaka shubiri, nikaifuta kwa kiganja, nikaendelea. Ndipo akaniita Kupe, na jina likanata kama nilivyonata mwenyewe.

Wiki sita zilizopita alikuwa akipinda sketi ya shule, mkasi ukamponyoka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakamkimbia yote isipokuwa "hiyo". Maji ni hiyo. Daktari ni hiyo. Mimi pia ni hiyo.

Chuoni nikakuta makala: huenda kuzaa na kunyonyesha huubadilisha ubongo wa mama, na huenda ubongo huo ukastahimili kiharusi vizuri zaidi. Niliichapisha kwenye karatasi, nikakimbia nayo wodini kama mtu aliyebeba hati ya kumtoa mfungwa.

"Miezi mia moja!" nilimwambia nesi. "Nimejumlisha ya watoto wote. Lazima apone."

Nesi alisoma akiwa amesimama. "Kaka, hapa wanazungumzia panya."

"Panya ni mwanzo tu!"

"Na wameandika 'huenda'." Akanirudishia karatasi. "Mazoezi ya mkono mmefanya leo?"

Mama mdogo, aliyekuwa akimkanda mama vidole, akacheka. "Ingekuwa hivyo, kwa huyu Kupe peke yake dada angekuwa anaruka kamba."

Sikucheka. Mwili huu umetoa bila kuhesabu, nikawaza, na siku unapohitaji kurudishiwa kidogo tu, sisi wasomi tunaupa "huenda"! Nilitoa sindano na uzi mweusi kutoka kwenye kikopo chake cha kazi, nilichokuwa nimemletea kutoka nyumbani.

"Mama, nitungie uzi."

Akatazama. Mkono wa kushoto ukauchukua uzi, ukaupeleka mdomoni kulowesha ncha, vilevile alivyofanya maisha yake yote. Nikamshikia sindano, tundu likimwelekea.

"Mnaona?" nilipaza sauti, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Anakumbuka!"

Nesi naye akasogea. Mama mdogo akaacha kukanda.

Tukangoja. Uzi haukutoka. Midomo ilikaza, mashavu yakabonyea, macho yakatulia mahali pasipo na mtu. Mama alikuwa akiunyonya.

"Mama, tundu hili hapa. Ni mimi. Kupe."

"Hiyo," alisema, uzi ukiwa bado mdomoni, kisha akaendelea.

Niliishusha sindano. Nilimtazama nesi, naye alikuwa akiangalia sakafu. Nilijua kurasa zote kumi na mbili za makala ile, na hakuna hata moja iliyoniambia sasa nifanye nini.

"Utoe, Kupe," mama mdogo alininong'oneza. "Taratibu. Asije akaumeza."