Magamba ya Shambani

Magamba ya konokono wa ziwani yalifikaje kwenye shamba la Bibi, mwendo wa saa mbili kutoka majini? Mama aliniuliza hivyo nilipokuwa mtoto, akiwa na fimbo mkononi. Nimelikumbuka swali hilo wiki iliyopita, nikiwa mtu mzima, nilipomwona mtu karibu na kijiji cha Milepa akichimba shimo la choo na kutupa juu magamba yale yale meupe.

Siku ile ya fimbo tulikuwa tukipiga matuta ya Kifipa, majani chini, udongo juu, ili yaoze. Udongo wenyewe ulikuwa tifutifu, ukinukia mvua. Ukiufinya unashikana, ukiugusa unamomonyoka. Humo niliokota magamba, nikajaza mfuko wa gauni.

"Umeshuka ziwani kwenye mamba!" Mama alifoka.

"Sijaenda, Mama. Nimeyachimba hapa."

"Kumbe konokono nao hupanda mlima kulima?" Bibi alicheka. "Omba msamaha, mjukuu wangu, yaishe."

"Siombi. Sijakosa."

Nilichapwa. Nikarudi kwenye tuta huku nikilia, nikachimba mengine matatu, nikayapanga miguuni pa Mama. Akasema niliyafukia mwenyewe. Mimi nilidhani mkulima wa zamani aliwafukia konokono kama sisi tulivyofukia majani, na msamaha sikuomba.

Nilikosea kuhusu mkulima tu. Chuoni ndipo nilipojifunza kwamba zamani sana Ziwa Rukwa lilijaa likapanda hadi kule juu, na shamba letu lilikuwa ufuko wake.