Nilisema "Yes" kwa Kila Swali

Mnisamehe mwandiko na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la saba katika kambi ya wakimbizi, na kuandika kwangu ni polepole. Lakini ninyi wadogo zangu mlioko Columbus na Buffalo mnakaribia kuchukua leseni ya udereva, nikaona nisinyamaze.

Nakumbuka siku moja mwaka 2014, hapa Louisville, nilipokwenda kuchukua yangu. Dada wa dirishani aliuliza maswali haraka haraka. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nami ni mtu wa haya, kila swali nikajibu "yes". Baada ya wiki chache posta ikaleta kadi: nimeandikishwa kupiga kura, kumbe huku Marekani ofisi ya leseni huuliza na hilo.

Nikaipeleka mbio kwa jirani yetu Bibi Odessa, mzee Mmarekani mweusi, ambaye kila uchaguzi huhudumu kwenye meza ya kura mtaani. Nilidhani atanikumbatia.

"Umeshaapa uraia?" akauliza.

"Bado, Bibi. Nina kadi ya kijani tu, ya ukaazi."

"Sasa ulijiandikishaje?"

"Waliniuliza, nikasema yes."

"Walikuuliza nini?"

"Sijui. Nilisema yes kwa yote."

"Shukuru hawakukuuliza kama umeua mtu."

Kisha akaacha utani. Alisema asiye raia akijiandikisha anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa alikotoka. Nirudishwe wapi, mimi niliyezaliwa kambini?

Tulimpigia mwanasheria wa wakimbizi. Akasema, maadamu sijapiga kura, nikafute jina upesi na nidai barua ya kuthibitisha limefutwa. Bibi Odessa akanisindikiza kwa basi. Akamwambia karani wa uandikishaji, "Nimeleta watu wengi hapa kuandikwa. Huyu ndiye wa kwanza ninayemleta afutwe."

Njiani kurudi, barua mkononi, nilimwomba radhi, maana alishanisimulia kisa cha baba yake. Huko kusini, enzi watu weusi walipozuiwa kupiga kura, alikwenda mara tatu kujiandikisha. Walimpa kipande cha sheria akisome na kukieleza, wakasema amekosea, na mwenye shamba akamfukuza kazi.

"Baba yangu alielewa, wakasema haelewi," akanijibu. "Wewe hukuelewa, ukasema unaelewa. Usirudie, mwanangu."

Mwaka huu, 2016, nimefanya usaili wa uraia. Afisa aliuliza kama nimewahi kujiandikisha kupiga kura. Swali lilikuwa refu, nikasikia haya ileile ikinipanda. Nikasema, "Samahani, sijaelewa. Rudia taratibu." Akarudia. Nikamweleza yote, nikampa barua. Aliisoma, akapiga muhuri: nimekubaliwa. Nilipotoka nje nilikaa ngazini nikalia kwa faraja tu.

Basi, wadogo zangu, msione aibu kuuliza, hata foleni ikiguna. Msikubali wala kusaini msichokielewa. Na siku mkiapa uraia, jiandikisheni siku hiyohiyo, maana kuna waliofukuzwa kazi kwa kuitafuta haki hiyo. Mungu awafungulie kinywa na awalinde huko mliko.

Niandikieni mnijibu, hata mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.